Sauti Ikatikapo: Kiswahili na Kazi ya Fundi wa Swichi

Imekuwa ada katika makongamano na semina zetu kulalama kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi na teknolojia. Kauli hii imerudiwarudiwa hivi kwamba wengi wetu huipokea bila kuihoji, na msomi anayetaka kupigiwa makofi hana haja ya kusema jingine. Mimi naipinga. Orodha za istilahi tunazo, na baadhi yake zilitungwa na kuchapishwa kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Kinachokosekana ni maandishi yanayoeleza kazi moja ya kiufundi, mwanzo hadi mwisho, kwa Kiswahili ambacho mtu anayeifanya kazi hiyo angekikubali kuwa ni chake.

Katika makala haya nitajaribu kazi moja ndogo, nayo ni kusanidi milango ya swichi ya mtandao ili ipitishe sauti za simu. Swichi ninayoikusudia si ile ya kuwashia taa. Ni kisanduku cha chuma, bapa kama sinia, chenye matundu 24 au 48 usoni, ambamo nyaya za kompyuta zote za jengo hukutana. Nimeichagua kazi hii kwa kuwa hufanywa karibu nasi, katika ofisi za Kisii na Nyamira. Isitoshe, ni kazi ya sauti, nasi tuliosomea fonolojia na fasihi simulizi hatuwezi kudai mbele ya watu wazima kwamba sauti si shughuli yetu.

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, ofisi za umma zimeongezeka katika miji hii miwili. Chuo Kikuu cha Kisii kilipewa hati yake ya kujitegemea mwaka huohuo. Mkongo wa taifa wa mawasiliano, ule unaojulikana kwa kifupisho NOFBI, umefikishwa katika makao makuu ya kaunti. Pamoja na mambo hayo zimekuja simu za mezani za aina mpya, zinazoitwa simu za IP. Wazee wetu walizoea simu ya nyaya mbili za shaba, iliyokuwa chini ya Shirika la Posta na Simu hadi shirika hilo lilipogawanywa mwaka 1999 na upande wa simu kuwa Telkom Kenya. Katika mfumo ule, ukishampata mtu, njia ilishikwa kwa ajili yenu wawili hadi mmoja aweke mkono wa simu chini. Simu ya IP haina njia yake peke yake. Hupita katika waya uleule unaobeba barua pepe, picha, malipo ya karani na video anayotazama mtu ambaye hakupaswa kuitazama saa za kazi.

Ndiyo sababu sauti hukatika. Nilikuwa katika ofisi moja ya umma mjini Kisii, ambayo sitaitaja, nikisubiri stakabadhi. Karani wa mapokezi, kijana mwenye adabu zake, alikuwa akizungumza na mama aliyepiga simu kutoka upande wa Nyamira. Kila baada ya maneno mawili alisema, "Rudia mama, sauti inakatika." Mama alirudia. Mara ya tatu alianza kupaza sauti, kama kwamba kelele zingeziba pengo. Mwishowe mazungumzo yalivunjika, na sijui kama mama yule alielewa siku aliyotakiwa kufika. Nilipouliza, niliambiwa kwamba intaneti ni dhaifu na kuwa ombi la kununua intaneti ya kasi zaidi lilikuwa limeshapelekwa kwa wakubwa.

Fundi alipofika alifungua kabati la mitambo, akaunganisha kompyuta yake ndogo, akaandika kwa dakika kumi hivi. Kisha akamweleza afisa msimamizi kwa Kiingereza kilichojaa vifupisho. Afisa alitikisa kichwa kwa heshima. Ilikuwa wazi hakuelewa hata nusu. Tulipotoka nje nilimwuliza fundi kilichokuwa kimeharibika. Alipojua nasomea Kiswahili alicheka, akaniita "mwalimu", na akanieleza jambo lote kwa Kiswahili chepesi, akichovya Ekegusii hapa na pale. Hakukwama hata mara moja. Intaneti haikuwa na kosa lolote. Milango ya swichi ilikuwa haijaambiwa kuwa kuna simu.

Nianze na sauti yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo sisi tulio nje ya ufundi tunapoweza kuingia bila kubisha hodi. Kwa utaratibu uliozoeleka, simu huipima sauti ya msemaji mara 8,000 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Hizo ni biti 64,000 kwa sekunde. Vipimo hivyo hufungwa katika vifurushi, na kwa kawaida kila kifurushi hubeba usemi wa milisekunde 20. Kwa hiyo vifurushi 50 hutoka kinywani mwa msemaji kila sekunde. Sasa tufanye hesabu ya kiisimu. Silabi ya usemi wa kawaida huchukua, kwa makadirio, milisekunde 150 hadi 200, yaani hubebwa na vifurushi vinane hadi kumi. Kifurushi kimoja kikipotea, simu huziba pengo kwa kukisia kutokana na kilichotangulia, na sikio halitambui. Vikipotea kumi kwa mpigo, silabi imekwenda.

Na silabi katika Kiswahili si kitu cha kuchezea. Lugha yetu huweka ukanushi, njeo na upatanisho katika silabi moja moja. Chukua neno "sitakuja". Likipoteza silabi ya kwanza linabaki "takuja", ambalo katika mazungumzo ya kawaida sote tunalisikia kuwa "nitakuja". Msemaji amekana, msikilizaji ameahidiwa. "Waliolipa" na "wasiolipa" hutofautiana kwa silabi moja tu, na ofisi inayoshughulika na karo, kodi au bima inajua uzito wa tofauti hiyo. Kwa Ekegusii mambo ni mazito zaidi, maana ni lugha ya toni; silabi inapozama huzama na toni yake.

Kuna pia suala la kuchelewa. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano linapendekeza kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kwa msemaji hadi kwa msikilizaji ili mazungumzo yaende vizuri. Ucheleweshaji unapozidi sana, zamu za usemi huvurugika. Wanafunzi wa uchanganuzi wa mazungumzo watanielewa mara moja: salamu ya Kigusii, "Bwakire" na jibu lake "Bwakire buya", hupokezanwa pasipo mwanya. Jibu likichelewa, mzee aliyesalimu hudhani hakusikika, hurudia, na jibu la kwanza linagongana na salamu ya pili. Watu wanaanza kuonana hawana adabu, ilhali kosa liko katika kabati la mitambo.

Fundi wangu alieleza dawa ya haya yote kwa mfano wa majani chai, na sijakutana na mfano bora kuliko huo katika kitabu chochote. Nyamira ni nchi ya chai. Anayetoka karibu na viwanda vya Kebirigo, Nyansiongo au Tombe anajua kwamba majani yaliyochumwa asubuhi hayangoji. Yakikaa kwenye gunia yanapata joto, yanabadilika rangi, na kiwandani hayana thamani. Kuni za kuchemshia mitambo ya kiwanda nazo husafirishwa kwa lori katika barabara ileile, lakini kuni zikifika kesho zitawaka vilevile. Sauti ni majani mabichi. Barua pepe na mafaili ni kuni. Faili ikipotea njiani kompyuta huomba itumwe tena, na mwenye nayo hata hajui. Sauti iliyochelewa haina maana kutumwa tena, kwa sababu sentensi imekwisha pita. Kazi ya fundi ni kuhakikisha kwamba lori la majani halikai nyuma ya lori la kuni.

Sasa tutazame anavyofanya.

Simu ya IP haina budi kupata waya, na kompyuta ya karani pia. Badala ya kuvuta nyaya mbili hadi kila meza, waya mmoja huingia katika simu, na kompyuta huunganishwa nyuma ya simu hiyohiyo. Hili linawezekana kwa sababu ndani ya simu mna swichi ndogo yenye milango 3: wa kuendea kwenye swichi kubwa, wa kompyuta, na wa tatu usioonekana ambao ni wa simu yenyewe. Akiba yake si haba katika jengo lenye meza mia. Lakini matokeo yake ni kwamba mlango mmoja wa swichi kubwa sasa unapokea wageni wawili wa tabia tofauti, na lazima uwatambue.

Utambuzi huo hupatikana kwa kuigawa swichi katika vilani. Vilani ni mtandao uliochorwa ndani ya mtandao: vifaa viwili vinaweza kuchomekwa katika kisanduku kimoja na bado visionane, kana kwamba viko katika majengo mawili. Kila vilani ina nambari. Tuseme fundi ameamua kwamba kompyuta ziko katika vilani 10 na simu katika vilani 20. Huuambia mlango mambo mawili: kifurushi kinachokuja bila chapa ni cha 10, kifurushi chenye chapa ya 20 ni cha sauti. Chapa yenyewe ni baiti 4 zinazopachikwa kwenye kila kifurushi kwa mujibu wa kiwango cha 802.1Q, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1998. Biti 12 za chapa hiyo hubeba nambari ya vilani, ndiyo maana nambari zinazoweza kutumika ni 4,094 wala si zaidi. Biti 3 hubeba daraja la umuhimu, kuanzia 0 hadi 7. Sauti, kwa mazoea ya mafundi, hupewa daraja la 5.

Simu huijuaje nambari ya vilani yake? Haizaliwi nayo. Inapochomekwa, swichi huitangazia. Swichi na simu za Cisco hutumia itifaki inayoitwa CDP. Vifaa vya makampuni mengine hutumia LLDP-MED, iliyosanifishwa mwaka 2006. Fundi akisahau kuiwasha itifaki hii, simu hubaki gizani na kujiunga na kompyuta katika vilani ya 10. Hapo itafanya kazi, naam, na hilo ndilo linaloudhi. Asubuhi ofisi ikiwa tulivu simu huwa safi, mkuu wa idara hujaribu na kuridhika, fundi hulipwa. Saa tano, watu wote wakiwa mezani, sauti huanza kukatika. Ndivyo ilivyokuwa katika ofisi niliyoisimulia.

Linabaki suala la uaminifu, na hapa ndipo nilipovutiwa zaidi. Ikiwa kila kifurushi hubeba daraja lake, ni nani anayekizuia kifurushi cha kuni kujiandika kuwa majani mabichi? Kompyuta inaweza kusanidiwa ijipachike daraja la 5, kwa hila au kwa bahati mbaya, na ikapita mbele ya sauti zote. Katika kituo cha kununulia majani, mkulima haandiki uzani wa gunia lake mwenyewe. Karani wa mzani ndiye huandika, hata kama mkulima ni mzee wa kanisa. Swichi nayo huagizwa vivyo hivyo: iamini daraja linaloandikwa na simu, mradi imethibitisha kuwa kilichochomekwa ni simu kweli, na simu iagizwe kulifuta daraja lolote linalotoka kwenye kompyuta iliyo nyuma yake, iliandike 0. Kisha swichi hupanga foleni zake, ile ya sauti ikihudumiwa kwanza, lakini kwa kikomo, ili kuni nazo zifike siku moja.

Msomaji makini atauliza kama vurugu hizi zote zina haja. Mazungumzo mamoja, pamoja na anwani na vifungashio vyake, hayachukui zaidi ya biti 90,000 hivi kwa sekunde. Mlango wa kawaida hupitisha biti milioni 100. Kwa hesabu ya kugawanya tu, nafasi ipo ya mazungumzo zaidi ya elfu. Jibu ni kwamba msongamano hauangalii wastani. Kompyuta kumi zikianza kuvuta mafaili kwa wakati mmoja, foleni ya kutokea jengoni hujaa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na sehemu ndogo ya sekunde, kama tulivyoona, ni silabi. Ndiyo maana kununua intaneti ya kasi zaidi, kama ofisi ile ilivyotaka, kungekuwa ni kupanua barabara ya Kisii hadi Nairobi kwa sababu malori yamebanana katika lango la kiwanda.

Nimeeleza kazi yote, na naomba wanachama wenzangu watazame ni maneno mangapi mapya nilihitaji. Swichi, vilani, itifaki, biti, baiti: baadhi yake ni ya mkopo, na yote yanakubali viambishi vyetu bila kinyongo. Yaliyobaki ni mlango, chapa, foleni, daraja, kifurushi, kuamini. Haya yalikuwepo kabla ya umeme kufika Gusii.

Hebu tulichukue neno "mlango". Ukilitafsiri neno poti kwa kamusi peke yake, unaishia kwenye "bandari", na mwanafunzi wa Nyamira, ambaye pengine hajaiona Mombasa, anabaki kujiuliza meli zitatia nanga wapi katika kisanduku cha chuma. Wengine hupendelea "tundu". Tundu ni sawa kwa kile kinachoonekana kwa macho, pale waya unapochomekwa. Lakini fundi hasemi tundu anapolisanidi. Husema mlango umefungwa, mlango umefunguliwa, mlango huu unamjua mgeni wake. Tundu halina bawabu, mlango unaye. Neno lililochaguliwa na mtu mwenye mikono kazini limebeba nadharia nzima ya kifaa hicho, na wala hakuketi katika kamati yoyote.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu wa namna yetu ya kuunda istilahi. Orodha zetu zimejaa nomino. Tumegombana miaka na mikaka kati ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta. Tumelichukua "rununu", lililokuwa neno la uvumi, tukalivika simu ya mkononi, nalo likapokelewa vizuri vitabuni kuliko sokoni Daraja Mbili. Sidharau jitihada hizo. Ila fundi hafanyi kazi kwa nomino. Husanidi, huchomeka, hupiga chapa, hutenganisha, huamini, hufuta, hupa kipaumbele. Kazi ni vitenzi. Na vitenzi vya Kiswahili vina utajiri ambao lugha ya miongozo ya mitambo haiwezi kuuota: tunachapa, tunachapia, tunachapisha, kunachapika, na kila kiambishi kinatuambia nani anamfanyia nani. Orodha ya nomino 500 bila vitenzi ni kama kikosi cha mpira chenye jezi bila wachezaji.

Nimewahi kutoa hoja hii mbele ya wenzangu, na pingamizi mbili zilijitokeza. Ya kwanza ni kwamba amri zenyewe zinazoandikwa kwenye swichi ni za Kiingereza, kwa hiyo fundi hana budi kukijua. Ni kweli, na sitaki amri hizo zitafsiriwe. Jina la dawa halitafsiriwi, lakini daktari anayemweleza mgonjwa wa Keroka jinsi ya kuimeza kwa lugha asiyoijua amemtendea vibaya. Amri moja ya kutenga vilani ya sauti ina maneno machache tu. Maelezo ya kwa nini iandikwe, na nini hutokea isipoandikwa, ni kurasa kadhaa. Kurasa hizo ndizo zinazotakiwa Kiswahili.

Pingamizi ya pili ilitoka kwa mwenzetu wa fasihi, aliyedai kwamba kazi hii ni ya wanaisimu na wahandisi, na kwamba sisi tuna riwaya za kuhakiki. Mimi pia ni mwanafunzi wa fasihi, na riwaya nazihakiki. Lakini mfano wa majani chai ni nini kama si sitiari iliyopanuliwa? Aliyejifunza kuitambua sitiari, kuona inapofaa na inapovunjika, ndiye anayeweza kukaa na fundi na kumwuliza: je, karani wa mzani anafanana na swichi au na simu? (Fundi alinijibu kwamba simu ni karani wa kituoni na swichi ni msimamizi wa kiwanda, naye humwamini karani pale tu anapomtambua. Tulibishana juu ya hilo hadi tukafika stendi ya magari.)

Kuna mambo ambayo sitiari hiyo haiyafikii, na mojawapo ni umeme. Simu ya zamani ilipata nguvu yake kutoka kwa kituo cha simu kupitia nyaya zilezile za mazungumzo. Umeme ulipopotea nyumbani, simu iliendelea kulia. Simu ya IP nyingi hulishwa na swichi kupitia waya wa mtandao, kwa utaratibu uliosanifishwa mwaka 2003 unaouwezesha mlango kutoa hadi wati 15.4. Swichi ikizimika, simu zote za jengo huwa vipande vya plastiki. Kisha kuna radi. Mvua za alasiri za nyanda hizi huja na radi ambazo kila mtu wa Kisii na Nyamira anazo hadithi zake. Waya wa shaba uliovutwa nje kati ya majengo mawili huweza kuileta nguvu hiyo moja kwa moja hadi kwenye mlango wa swichi, ilhali uzi wa kioo wa mkongo hauwezi, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Mtu anayenunua swichi ya hospitali anapaswa kuuliza kama ina betri ya akiba, na kama majengo yameunganishwa kwa shaba au kwa kioo. Haya si maswali ya mhandisi peke yake.

Nani basi huuliza? Vifaa vya ofisi za umma hununuliwa kwa zabuni, na miongoni mwa wanaozipima kuna wahasibu, wauguzi, walimu na maafisa tawala. Ni watu wenye akili, waliosoma, lakini waraka wa zabuni unapowafikia umeandikwa kwa vifupisho vya Kiingereza kurasa nyingi, nao hutia sahihi kwa kumwamini muuzaji. Tumekwisha kuona kinachompata mwenye kituo anayemruhusu mkulima aandike uzani wake mwenyewe. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inasema kwamba lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Sisi hukitaja kifungu hicho tunapodai nafasi za kazi. Sijasikia tukikitaja kudai kwamba anayeuza swichi 20 kwa hospitali ya umma aeleze kwa Kiswahili ni jinsi gani sauti ya muuguzi anayeita gari la wagonjwa itapewa nafasi mbele ya faili la mishahara.

Kozi za mitandao katika vyuo vyetu vya ufundi hufunzwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na kwa sasa sioni dalili ya hilo kubadilika. Ila mafundi wakishafuzu, mafunzo halisi huendelea juu ya ngazi, mbele ya kabati la mitambo, mkubwa akimweleza mdogo kwa Kiswahili na Ekegusii. Maelezo hayo hayaandikwi. Fundi akihamia Nairobi au akistaafu huondoka nayo. Tumezunguka vijijini kukusanya ngano, vitendawili na nyimbo za jandoni, na tulifanya vyema; sijui ni kwa nini tunadhani fasihi simulizi ilikoma mahali waya ulipoanzia.

Pendekezo langu kwa chama ni la vitendo. Likizo ijayo, wanachama wanaotoka Kisii na Nyamira wagawane ofisi, hospitali na shule zilizo na mitandao, kila mmoja akae na fundi mmoja kwa siku mbili akiwa na daftari na, fundi akiridhia, kinasa sauti. Tusiende na orodha za istilahi za kuwafundisha. Twende na maswali: hiki unakiitaje, kikiharibika unasema kimefanya nini, mwanagenzi wako alikosea wapi mara ya kwanza. Tuandike vitenzi kabla ya nomino. Tukirudi, tulinganishe daftari zetu, tuyachague maneno yaliyotokea kwa mafundi wengi zaidi, na tuandike kijitabu cha kurasa thelathini kuhusu jambo hili moja la swichi na simu, kisomwe kwanza na mafundi wenyewe na kusahihishwa nao, ndipo kifikishwe kwa wahadhiri.

Kuhusu neno vilani tutabishana, na heri tubishane mapema. Fundi wangu hulitumia kwa wenzake, lakini kwa karani husema "laini ya sauti". Nadhani anakosea, kwa kuwa laini katika Kenya ya leo ni kadi ya simu ya mkononi, na karani atauliza iwekwe pesa ngapi. Wapo watakaopendekeza "mtandao pepe", na kwao nina swali: tangu barua iwe pepe, kivumishi hiki kimeshabebeshwa nini na nini, na kitamwambia nini mtu anayetaka kujua kama simu yake imetenganishwa na kompyuta au la? Mimi, hadi atakapotokea mwenye neno bora kutoka kabatini, nitaendelea kuandika vilani, vilani hii, vilani hizi, katika ngeli ya I-ZI.